Kwa Nini Tiba Hupimwa: Majaribio ya Kitabibu na Mafunzo Yake kutoka Rufiji na Kibiti

Mzazi wa Dimani, wilayani Kibiti, anapompeleka zahanati mtoto mwenye homa, hatua zinazofuata huwa anazifahamu hata kabla hajaketi. Mtoto hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kipimo cha haraka, na baada ya dakika chache majibu husomwa. Vikionekana vimelea vya malaria, na mtoto hana dalili za hatari, hupewa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ijulikanayo na wengi kwa jina la ALu, na mzazi huelekezwa namna ya kumpa kwa siku 3.

Shughuli hiyo inaonekana ya kawaida kiasi kwamba ni rahisi kudhani imekuwepo siku zote. Haikuwepo. Mwaka 2000 mtoto huyo angepewa klorokwini. Tangu mwaka 2001, Tanzania Bara ilipobadili mwongozo wake, angepewa vidonge vya SP. ALu ilianza kutumika nchini kote mwishoni mwa mwaka 2006. Klorokwini haikuachwa kwa sababu ilichosha watu, wala kwa sababu dawa mpya ilisifiwa zaidi. Iliachwa kwa sababu watoto waliotibiwa nayo walifuatiliwa na kupimwa upya kwa utaratibu uliopangwa, na mwishoni mwa muongo wa 1990 ikabainika kwamba takriban nusu yao hawakuwa wameponywa ipasavyo.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo: jaribio la kitabibu ni nini, kwa nini lazima liwe na kundi la kulinganisha, na mshiriki ana haki gani. Mifano kadhaa imetoka Rufiji na Kibiti. Msomaji akumbuke kwamba Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi katikati ya muongo wa 2010. Kwa hiyo tafiti za zamani zinapotaja Rufiji, mara nyingi zinawahusu pia watu ambao leo ni wakazi wa Kibiti.

Kupona si ushahidi wa dawa

Wahenga walisema, jogoo awike asiwike, kutakucha. Asiyejua hilo anaweza kuamini kwamba sauti ya jogoo ndiyo inayoleta asubuhi, kwani kila siku huisikia kabla ya mwanga. Kosa hilo ndilo linalonyemelea tiba tangu zamani. Mtu aliumwa, akanywa kitu, akapona. Kwa hiyo kitu kile ni dawa.

Ukweli ni kwamba homa nyingi huisha zenyewe. Mafua huisha, kuhara kwingi hukoma, na hata mtu mzima mwenye kinga dhidi ya malaria huweza kupata nafuu pasipo matibabu yoyote. Zaidi ya hayo, mgonjwa hutafuta tiba pale hali inapokuwa mbaya zaidi, na baada ya kilele cha ugonjwa mara nyingi hufuata nafuu. Chochote kitakachotolewa siku ile, kiwe kidonge, mizizi au maji matupu, kitapata sifa ya kuponya.

Majira nayo hudanganya. Malaria huongezeka baada ya mvua za masika na kupungua kiangazi. Mradi ukianza mwezi Juni na kupimwa mwezi Septemba utaonekana umefaulu hata kama haukufanya lolote. Hatimaye, daktari mwenyewe si mwamuzi huru. Anatamani mgonjwa wake apone, na macho ya mwenye matamanio huona haraka kile anachokitamani. Hadaa hizi haziondolewi na uaminifu wala na uzoefu wa miaka mingi. Huondolewa na mpango wa kulinganisha.

Nguzo za jaribio la kitabibu

Jaribio la kitabibu ni utafiti ambamo watu wanaokubali kushiriki hupewa tiba, chanjo, kipimo au huduma fulani kwa mpango uliowekwa mapema, ili matokeo yao yalinganishwe na ya wengine. Nguzo zake kuu ni 5.

Ya kwanza ni kundi la kulinganisha: watu wanaopata tiba iliyozoeleka, au, pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa, dawa bandia isiyo na kiambato. Ya pili ni ugawaji wa nasibu, yaani kura ndiyo inayoamua nani aingie kundi gani, si daktari wala mgonjwa. Kura huyafanya makundi yafanane kwa umri, lishe, umaskini na hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Ya tatu ni usiri wa tiba: inapowezekana, mgonjwa na anayempima hawajui nani amepata nini. Ya nne ni idadi ya kutosha, ili tofauti itakayoonekana isiwe ya kubahatisha. Ya tano ni kutangaza mapema kitakachopimwa, ili mtafiti asichague baadaye tokeo linalomfurahisha.

Somo la Bungu na Chumbi

Faida ya kundi la kulinganisha inaonekana vizuri katika utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2015 na 2018 katika kata 4 za iliyokuwa Rufiji: Bungu, Chumbi, Ikwiriri na Kibiti. Taasisi ya Afya Ifakara, ikishirikiana na wataalamu kutoka China na kwa ufadhili wa Uingereza, ilitaka kujua kama uzoefu wa China wa kufuatilia malaria ungefaa katika mazingira ya Tanzania. Wagonjwa walioonekana vituoni waliripotiwa mara moja, na ndani ya wiki timu ilikwenda kwenye maeneo yaliyoripoti wagonjwa wengi, ikawapima wakazi na kuwatibu kwa ALu wote waliokutwa na vimelea. Huduma hiyo ya ziada ilitolewa Bungu na Chumbi. Ikwiriri na Kibiti ziliendelea na huduma za kawaida, pamoja na vyandarua na matibabu vituoni.

Mwanzoni, katika kata zilizopata huduma ya ziada, takriban watu 26 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria. Mwishoni walibaki takriban 5. Anayesoma takwimu hizo peke yake atasema kwamba mradi uliondoa sehemu 4 kati ya 5 za maambukizi.

Lakini katika kata za kulinganisha, waliokuwa na vimelea walipungua pia, kutoka takriban 25 hadi 12 kati ya kila 100. Hawakupata huduma ya ziada, na bado maambukizi yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Hapa ndipo hesabu ya haki inapofanywa. Bungu na Chumbi zilipungukiwa na watu 21 wenye vimelea katika kila 100. Ikwiriri na Kibiti zilipungukiwa na 13. Upungufu wa watu 13 hivi ungetokea kwa vyovyote, kwa sababu ya vyandarua, matibabu ya kawaida, hali ya hewa na mengineyo. Kinachoweza kuhusishwa na huduma mpya ni tofauti iliyobaki, yaani watu 8 hivi katika kila 100. Ni faida kubwa, na familia yoyote ya Bungu ingeipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo, si sawa na 21. Serikali inayopanga bajeti kwa kutegemea 21 wakati ukweli ni 8 itatumia fedha ambazo zingeweza kuokoa watoto kwa njia nyingine.

Haki ya hesabu inadai pia kutaja udhaifu wa utafiti. Kata 2 kwa 2 ni chache. Kata moja ikiwa na jambo lake la pekee inaweza kuyumbisha jibu zima. Kwa sababu hiyo matokeo kama haya hufungua njia ya utafiti mpana zaidi, wala hayafungi mjadala.

Kutoka kulinganisha wilaya hadi kupiga kura

Rufiji ilipata nafasi ya pekee katika utafiti wa afya kwa sababu ya kazi iliyoanza mwaka 1998. Mwaka huo ulianzishwa mfumo wa kuorodhesha vizazi, vifo na uhamaji katika vijiji vya wilaya hiyo, vyenye wakazi takriban 85,000. Wahoji walizipitia kaya mara kwa mara, mwaka hadi mwaka. Mahali ambapo watoto wengi hufia nyumbani bila cheti chochote, daftari kama hilo lina thamani kubwa kuliko mashine nyingi za hospitali. Asiyejua watoto wangapi wanakufa hawezi kujua kama tiba yake inawaokoa.

Daftari hilo lilitumika kupima mpango wa udhibiti wa pamoja wa magonjwa ya watoto, unaomfundisha mhudumu wa zahanati kumchunguza mtoto mzima badala ya kushughulikia dalili moja. Wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa zimeanza mpango huo, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga. Kati ya mwaka 1999 na 2002, vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mpango.

Watafiti hawakuishia kwenye asilimia 13. Walionyesha pia mipaka ya makadirio yao: ukweli ungeweza kuwa upungufu wa asilimia 30, au hata ongezeko la asilimia 7. Kwa lugha nyepesi, matokeo yalielekea kwenye faida, ila bahati peke yake haikuweza kukataliwa kabisa. Isitoshe, wilaya hazikugawanywa kwa kura. Zilizoanza mapema huenda zilikuwa na uongozi madhubuti zaidi tangu mwanzo.

Rufiji ilitangulia nchi tena mwaka 2003. Wakati wilaya nyingine zikitumia SP peke yake, vituo vya Rufiji vilianza kuwapa wagonjwa wa malaria SP pamoja na artesunati, huku Kilombero na Ulanga zikitumika kama eneo la kulinganisha. Swali halikuwa tu kama dawa mbili zinaua vimelea kuliko moja. Swali lilikuwa kama tiba mseto inaweza kutolewa na zahanati za kawaida, kwa wahudumu wa kawaida, katika wilaya nzima. Miaka michache baadaye tiba mseto ikawa mwongozo wa taifa, ingawa kwa dawa nyingine, yaani ALu.

Hatua ya kupiga kura ilifuata mwaka 2011. Vijiji 101 vya Rufiji, Kilombero na Ulanga viliingizwa katika jaribio la wahudumu wa afya ya jamii wanaolipwa mshahara, waliofahamika kwa kifupi kama WAJA. Kura ilivipa vijiji 50 wahudumu hao, waliofunzwa kwa miezi 9. Vijiji 51 viliendelea na huduma zilizokuwepo. Wengi walitarajia vifo vya watoto vipungue waziwazi. Kwa ujumla, jaribio halikuonyesha tofauti ya wazi katika vifo vya watoto wa umri chini ya miaka 5. Maelezo yaliyotolewa yaligusa jambo ambalo kila mkazi wa kijijini analijua: mhudumu aliyefunzwa vizuri, akikosa dawa na vifaa, hubaki na maneno matupu.

Jibu la namna hiyo halifurahishi, lakini si hasara. Lilionyesha kwamba kumweka mhudumu kijijini bila kuimarisha ugavi wa dawa ni kujenga nyumba na kusahau paa.

Pale ambapo desturi njema iliua

Mifano iliyotangulia inahusu faida kubwa au ndogo. Ipo mifano ambayo uzito wake ni wa aina nyingine.

Kwa miaka mingi, madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko, yaani mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu ya moyo na damu isiyozunguka vema, aongezewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mafundisho hayo yalikuwa na mantiki, na yalifuatwa katika hospitali za nchi tajiri. Hakuna aliyekuwa ameyapima kwa kura miongoni mwa watoto wa Afrika, katika hospitali zisizo na mashine za kusaidia upumuaji.

Jaribio lililojulikana kwa jina la FEAST liliyapima Uganda, Kenya na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania lilifanyika katika hospitali ya Teule, Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine albumini kwa haraka, na wengine walipewa maji ya kawaida taratibu bila haraka hiyo. Wote walipata tiba nyingine walizohitaji. Mwezi Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu ilishauri jaribio lisimamishwe kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48, takriban watoto 7 kati ya kila 100 wa kundi lisilopewa maji kwa haraka walikuwa wamefariki. Katika makundi mawili yaliyopewa maji kwa haraka, walifariki takriban 10 hadi 11 kati ya kila 100.

Watoto 3 wa ziada katika kila 100 hawaonekani kwa macho ya daktari mmoja wodini. Mtoto mgonjwa mahututi akifariki, daktari husema ugonjwa ulimzidi nguvu. Akipona, husema maji yalimwokoa. Desturi hiyo ingeweza kuendelea kwa miaka mingine mingi, ikitekelezwa na watu wema wenye nia njema, na isingejulikana kamwe kwamba inaua. Kura peke yake ndiyo iliyoifichua.

Msomaji asichukue somo hili kinyume. Jaribio hilo halikuwahusu watoto wanaoharisha na kupungukiwa na maji mwilini. Hao wanahitaji maji, kuanzia yale ya chumvichumvi ya kunywa, bila kuchelewa. Jibu la jaribio ni la watu waliopimwa na swali lililoulizwa, na kulivusha mpaka huo ni kosa jipya.

Upande wa pili wa sarafu ni jaribio lililochapishwa mwaka 2010, lililolinganisha kwinini na artesunati ya sindano kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Kwa kwinini walifariki takriban 11 kati ya 100. Kwa artesunati, kati ya 8 na 9. Kwinini ilikuwa imetumika kwa karne kadhaa na kuheshimiwa na vizazi vya madaktari. Heshima hiyo haikuzuia ipumzishwe. Leo artesunati ndiyo tiba inayotangulizwa kwa malaria kali.

Hatua kwa hatua: safari ya chanjo ya malaria

Dawa au chanjo mpya haianzi kwa maelfu ya watoto. Baada ya kupimwa maabara na kwa wanyama, hupitia awamu. Awamu ya kwanza huwahusu watu wachache, kwa kawaida watu wazima wenye afya, na swali lake kuu ni usalama. Awamu ya pili huongeza idadi, hutafuta dozi inayofaa na dalili za awali za manufaa. Awamu ya tatu huwahusu mamia au maelfu, kwa kura, ili kupata jibu la uhakika. Awamu ya nne hufuatilia matumizi ya kawaida baada ya idhini, ili kubaini madhara adimu.

Kwa nini subira yote hii? Jibu lipo katika bonde la Kilombero, ambalo maji yake hatimaye huingia mto Rufiji na kumwagika baharini kupitia delta. Mwanzoni mwa muongo wa 1990, chanjo ya SPf66, iliyobuniwa nchini Kolombia, ilijaribiwa huko Idete, karibu na Ifakara, kwa watoto wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya takriban asilimia 31, na matumaini yakapanda. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand, na baadaye kwa watoto wachanga nchini Tanzania, hayakuona kinga ya maana. Chanjo hiyo ikaachwa. Kama ingesambazwa kwa kutegemea jibu la kwanza, fedha na imani ya wazazi vingepotea pamoja.

Chanjo iliyofuata, RTS,S, ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi 7, ikiwemo Tanzania kupitia vituo vya Bagamoyo na Korogwe. Watoto waliopata dozi 4, kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, waliugua malaria kwa takriban asilimia 36 pungufu katika miaka 4 ya ufuatiliaji. Zilijitokeza pia dalili zilizotia shaka kuhusu usalama. Badala ya kuzifunika, wataalamu walipanga utoaji wa majaribio Ghana, Kenya na Malawi kuanzia mwaka 2019, na shaka hizo hazikuthibitika. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021, na mwezi Oktoba 2023 likapendekeza ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, katika mkoa uleule wa Pwani zilimo Rufiji na Kibiti.

Haki za mshiriki

Jaribio ni jambo la kupima, na anayepimwa ni binadamu. Katika karne iliyopita wapo watafiti waliowatumia wafungwa na maskini bila kuwauliza. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na sheria za nchi mbalimbali zilitokana na aibu hiyo. Nchini Tanzania, utafiti wa afya unahitaji idhini ya kamati ya maadili, ikiwemo kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Majaribio ya dawa na chanjo huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Ridhaa ni ya mtu mwenyewe, au ya mzazi ikiwa mshiriki ni mtoto. Ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji hufungua mlango wa kijiji. Haifungui mlango wa nyumba. Asiyejua kusoma husomewa maelezo mbele ya shahidi asiye wa upande wa watafiti, kisha huweka dole gumba. Anaweza kukataa, na anaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Hofu za watu nazo zinastahili majibu, si kejeli. Katika pwani yote ya Afrika Mashariki, neno mumiani limebeba hofu ya zamani ya watu wanaodaiwa kuchukua damu za wengine. Mtafiti anayefika kijijini na mirija ya damu pasipo maelezo huiamsha hofu hiyo yeye mwenyewe. Dawa yake ni uwazi: kueleza ni kiasi gani kitatolewa, kwa kipimo cha kijiko kinachojulikana jikoni, kitapelekwa wapi, kitapimwa nini na lini majibu yatarudi.

Lipo pia deni la upande wa pili. Katika delta, wakulima wa mpunga huhamia kwenye madungu mashambani wakati wa kulinda mazao, na wavuvi hukaa dago kwa majuma. Mafuriko, kama yale ya Aprili 2024, hukata njia na kuhamisha kaya. Utafiti unaoishia pale barabara inapoishia utaleta jibu la watu wa barabarani. Wale wanaofikiwa kwa mtumbwi, ambao huenda ndio wanaougua zaidi, watatibiwa kwa kukisia. Na baada ya utafiti kukamilika, matokeo yarudi kijijini kwa lugha ya kijiji, hata yakiwa kwamba huduma haikufua dafu. Aliyetoa damu yake kwa ajili ya swali ana haki ya kusikia jibu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Mzazi au mtu mzima anayeombwa kushiriki katika jaribio anaweza kuuliza haya:

1. Swali la utafiti ni lipi, na kwa nini jibu lake halijulikani bado?
2. Makundi ni mangapi, na kila kundi litapata nini?
3. Madhara yanayojulikana ni yapi, na nikidhurika nitatibiwa na nani, kwa gharama ya nani?
4. Damu au sampuli itakuwa kiasi gani, na itatunzwa wapi?
5. Nikikataa au nikijitoa, nitaendelea kupata huduma gani?
6. Kamati gani imeidhinisha, na nimpigie nani nikiwa na malalamiko?
7. Matokeo yataletwa kwetu lini na kwa njia gani?

Ni vema pia kukumbuka kwamba kushiriki jaribio si sawa na kupata tiba bora kuliko ya wengine. Kura hupigwa kwa sababu hakuna ajuaye kundi lipi litafaidika. Mtafiti anayeahidi uponyaji amekwisha kuvunja msingi wa jaribio lake mwenyewe.

Hitimisho

Tiba husonga mbele pale wataalamu wanapokubali kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuwaumbua. ALu ipo mkononi mwa mzazi wa Dimani leo kwa sababu klorokwini ilipimwa na kushindwa. Watoto wenye mshtuko hawajazwi tena maji ovyo kwa sababu desturi iliyoheshimiwa ilipimwa na kushindwa. Siku moja ALu nayo itapimwa na kushindwa, kwani vimelea havilali, na dawa itakayoirithi itatokana na watoto ambao wazazi wao watakubali kuuliza pamoja na watafiti. Wajibu wa watafiti ni kuhakikisha kwamba ukubali huo unatokana na kuelewa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia takwimu za Bungu, Chumbi, Ikwiriri na Kibiti, eleza kwa nini upungufu wote haukuweza kuhusishwa na huduma mpya.
2. Ugawaji wa nasibu una faida gani kuliko kulinganisha wilaya zilizojichagulia mpango?
3. Kwa nini daktari mmoja, hata awe hodari kiasi gani, asingeweza kugundua madhara yaliyofichuliwa na jaribio la FEAST?
4. Jaribio lisiloonyesha faida lina manufaa gani kwa wapanga sera? Toa mfano.